Waliokuja Kuchukua Damu

Kwa miaka saba kazi yangu ilikuwa kuendesha baiskeli, na mitano kati ya hiyo nililipwa na timu za Ulaya. Watu wa kwetu Mikindani, Mombasa, wakiniuliza nafanya nini huko, niliwajibu kwamba nabeba maji. Walicheka wakidhani ni mzaha, lakini ndivyo ilivyokuwa. Timu ya wanawake sita ikiingia mbioni, mmoja ndiye anayetarajiwa kushinda. Sisi wengine tunamkinga upepo, tunarudi nyuma kwenye gari la timu kumchukulia chupa za maji, tunamtafutia nafasi katikati ya msafara, na tukishamfikisha chini ya mlima wa mwisho kazi yetu imekwisha. Hapo tunamalizia polepole, tukizungumza na kula biskuti zilizobaki mifukoni.

Sikuona ubaya wowote. Baiskeli yenyewe nilianza nayo kwa kubeba mikate. Kulikuwa na mwokaji mmoja Magongo, nami nilimsambazia mikate madukani mpaka Mikindani kwa baiskeli nyeusi ya chuma, kreti mbili nyuma. Jumapili moja niliwapita wanaume wa klabu ya baiskeli penye mwinuko, wao wamevaa kofia ngumu, mimi na leso yangu kichwani. Mmoja wao, fundi wa umeme pale Kipevu, alinifuata mpaka dukani akangoja nishushe mikate ndipo akanisalimia. Ni yeye aliyeniazima baiskeli yangu ya kwanza ya mbio, na ni yeye aliyeandika barua pepe zilizonifikisha Ulaya.

Nyumbani kwetu ni kwenye nyumba ya Kiswahili, vyumba sita na ukumbi katikati, ua nyuma. Baba alikodi vyumba viwili humo tangu nikiwa mdogo. Yeye ni Mtaita, dereva wa lori la makontena, na mama alibaki shambani Taita, akija Mombasa kila msimu wa mavuno unapokwisha. Kwa hiyo aliyenilea siku nyingi ni mwenye nyumba, mama mmoja wa ukoo wa zamani wa Mvita, kisiwani, aliyehamia huku bara kwa kuolewa. Nilimwita Bibi, naye aliniita mwanangu. Chumba chake kilikuwa cha mbele kabisa, karibu na mlango, na mtu hakuingia nyumba ile bila kupita mbele ya macho yake.

Mwaka wangu wa tatu na timu nilishinda. Haikupangwa. Kapteni wetu, yule wa kubebewa maji, aliamka anaumwa na tumbo, na meneja akatuambia kwa redio kila mtu aende awezavyo. Mlima wa siku ile haukuwa mkali ila ulikuwa mrefu, na kulikuwa na joto lililowatesa wenzangu wote. Mimi niliona ni joto la mchana wa Changamwe tu. Nilifika juu peke yangu, nikageuka kutazama nyuma, sikumwona mtu.

Kwenye chumba cha waandishi mmoja aliniuliza, "Unaelezaje jambo hili?"

Nikamwambia, "Kulikuwa na joto."

Wakacheka, nikacheka nao. Jioni nikasoma kwamba nimeshindwa kueleza. Siku zilizofuata maneno yakazidi. Mbeba maji hawezi kupanda hivyo ghafla, waliandika. Ametoka wapi? Nani anampima huko kwao? Wengine walitaka hata kujua baba yangu anafanya kazi gani.

Mwaka huohuo kapteni wetu, aliyekuwa amevunjika nyonga akakaa nje miezi minane, alirudi ana kasi kuliko kabla ya kuanguka. Yeye waliandika habari za ujasiri wake. Simwonei kijicho, alikuwa jasiri kweli, na nililala naye chumba kimoja nikamwona akilia kwa maumivu ya mazoezi. Nasema tu jinsi ilivyokuwa.

Baada ya ushindi ule nikaingizwa kwenye orodha ya wanaopimwa wakati wowote. Ilibidi niandike kwenye simu nitalala wapi kila siku ya mwaka, na nitaje saa moja ya siku ambayo sitaondoka hapo nilipopataja. Wapimaji wakija ndani ya saa hiyo wasikupate, unaandikiwa alama. Alama tatu katika miezi kumi na miwili, unafungiwa sawasawa na mtu aliyekutwa na dawa za kututumua misuli. Mimi nilichagua saa kumi na mbili mpaka saa moja asubuhi, kwa sababu ni saa ambayo mtu yeyote mwenye akili yuko nyumbani kwake.

Kapteni wetu alikuwa na alama mbili. Aliniambia mwenyewe siku moja tukikandwa miguu baada ya mbio. Alikuwa amelala kwa mchumba wake akasahau kubadilisha anwani, mara mbili. "Meneja anajua," akasema, "amesema nisijali." Akacheka, na mimi nikacheka.

Mimi alama yangu ya kwanza niliipata kwa sababu ya kinu cha unga. Simu ilitaka jina la mtaa, namba ya nyumba na namba ya kengele, na nyumba yetu haina namba wala kengele. Nikaandika: Mikindani, teremka kwenye kinu cha unga, nyumba ya tatu mkono wa kulia, mlango wa kijani. Sikukumbuka kwamba Mikindani ina vinu viwili. Wapimaji walibisha mlango mwingine wa kijani, kwa watu wasionijua, saa nzima, na mimi niko kwetu nanywa chai. Nikakubali kosa ni langu. Nikachora ramani, nikapiga picha za mlango, za kinu, za kona ya barabara, nikazituma zote.

Mara ya pili walifika penyewe hasa.

Nilikuwa nimerudi Mombasa jana yake, safari ya siku nzima na ndege mbili, nikalala chumba cha nyuma kama gogo, feni inanguruma juu yangu. Nilipoamka ilikuwa saa moja na nusu. Nikatoka ukumbini, nikamkuta Bibi ameketi mkekani anapepeta mchele, uso umemchangamka.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mwanangu. Umeamka salama? Leo nimekuondolea balaa."

"Balaa gani?"

"Wamekuja watu na gari jeupe, mwanamke na dereva wake. Mwanamke ana begi. Namuuliza, mwataka nini asubuhi yote hii? Aniambia, ati damu na mkojo wa huyo binti yako."

Nikaketi pale pale kwenye sakafu. "Ukamwambia nini?"

"Nimemwambia hayuko! Damu ya mtoto wa watu yuwaitakia nini? Na mkojo! Wallahi miaka yangu yote sijasikia mkojo ukatakwa mlangoni."

"Wakangoja?"

"Walisimama pale kwenye gari kidogo. Nikatoka na ufagio nikaanza kufagia pale pale waliposimama. Wakashika ndia yao."

Nilimweleza polepole. Nilipofika kwenye alama ya tatu na kufungiwa aliuweka ungo chini. Hakulia wala hakujitetea. Aliniuliza tu, "Kwani hawakukupigia simu?" Nikamwambia simu hupigwa dakika za mwisho, na dakika za mwisho hawakuwapo. Kisha akasimama, akaingia chumbani, akatoka amevaa buibui.

"Nipeleke kwao," akasema.

"Ofisi iko Nairobi, Bibi."

"Basi Nairobi."

Nairobi hatukwenda. Lakini meneja alipata habari kabla sijamwandikia, na mchana ule ule akanipigia simu ya video. Mbio kubwa kabisa za mwaka wetu zilikuwa zimebaki wiki tatu. Alikuwa mtu mpole, sijawahi kumsikia akipaza sauti, na siku ile pia hakupaza.

"Tumeamua ubaki nyumbani kidogo," akasema. "Ni kwa kukulinda. Watu wanauliza maswali."

"Sijakutwa na kitu."

"Najua. Lakini una alama mbili."

Nikasema, "Kapteni pia ana mbili."

Alitazama pembeni, kana kwamba kuna mtu ameingia chumbani mwake. "Yeye ni tofauti," akasema. "Yeye watu wanamjua."

Nilikuwa na mengi ya kumwambia na yote yalinijia baada ya simu kukatika. Nilitembea uani huku na huku nikimjibu. Wapangaji wenzetu waliokuwa wakifua walidhani nazungumza nao.

Baba alirudi kutoka safari kesho yake. Alioga, akala, akanisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza. Kisha akasema, "Kwenye mizani barabarani, lori langu mimi hupandishwa mara mbili, mara tatu. Kuna magari yakifika yanapungiwa mkono yapite. Mpaka leo sijui kwa nini. Mimi huhakikisha mzigo wangu uko sawa." Akanitazama. "Wako uko sawa?"

"Uko sawa, Baba."

"Hujanywa kitu, hujadungwa kitu?"

"Sijafanya."

"Haya," akasema, na akaomba aongezewe chai. Ni yeye peke yake aliyeniuliza waziwazi. Waandishi hawakuniuliza hivyo, meneja hakuniuliza. Nilishangaa kwamba swali lile halikuniuma hata kidogo. Nililala vizuri usiku ule.

Kanuni ziliniruhusu kuandika maelezo yangu. Nilikaa na Bibi ukumbini, mimi na simu, yeye akisema. Niliandika kwamba mwenye nyumba wetu aliwaomba wageni waondoke. Akaniambia nimsomee.

"Sikuwaomba," akasema. "Nimewafukuza. Andika nimewafukuza."

"Bibi, itaonekana vibaya."

"Kwani ni uwongo? Na ufagio uandike."

Nikauandika ufagio. Akatia sahihi yake chini kwa herufi za Kiarabu, taratibu, nikapiga picha tukatuma.

Mbio zikafika mimi niko Mikindani. Asubuhi nilifanya mazoezi kama kawaida, nikapanda mpaka Mazeras na kurudi, nikipishana na malori yanayotoka bandarini, na mchana tukatazama mbio kwenye simu, mimi na Bibi, simu imeegemezwa kwenye birika. Alitaka kujua kila mtu. "Yule wa mbele ndiye mwenye mbili kama zako?" Nikamwambia ndiye. "Apanda vizuri," akasema, kwa kukiri kama mtu anayeonja mchuzi wa jirani.

Siku ya tatu kapteni alibaki peke yake kwenye mlima, hana wa kumkinga upepo wala wa kumletea maji. Nafasi ile ilikuwa yangu. Kwa dakika kama tano hivi niliomba aanguke. Naandika hilo kwa sababu ni kweli. Halafu nikaona anavyotupa mabega, jinsi alivyokuwa akiyatupa akichoka, na nikajikuta naiambia simu, "Shuka gia moja, shuka." Alimaliza wa sita. Bibi akapiga makofi mawili, akainuka kwenda kuswali.

Barua ilikuja wiki iliyofuata. Alama ya pili imefutwa. Sababu waliyoitaja ilikuwa moja: mpimaji hakukaa saa nzima kama kanuni inavyotaka. Maelezo ya Bibi hayakutajwa, wala ufagio. Nilimwonyesha baba barua, nikamwonyesha fundi wangu wa Kipevu, nikaituma kwa meneja. Meneja akajibu kwamba amefurahi sana kwa ajili yangu. Mbio zilikuwa zimekwisha.

Siku kumi baadaye gari jeupe likaja tena, saa kumi na mbili na dakika tano. Safari hii Bibi ndiye aliyekuja kunigongea. "Amka! Wale wa damu wamekuja. Nimewaketisha."

Mpimaji, yule yule aliyefukuzwa, alikuwa muuguzi wa makamo kutoka bara, mwenye miwani na sauti ya chini. Alikuwa ameketi kwenye ukingo wa kiti kama mtu asiyejua kama atafukuzwa. Alitoa vitambulisho vyake, akanieleza haki zangu, na tukafika pale penye mkojo. Kanuni inataka mpimaji asimame na kuona kwa macho yake mwenyewe. Ulaya nilikuwa nimeshazoea, hotelini, vigae vyeupe. Hapa choo kilikuwa uani, mlango wake ni bati, na wapangaji wanne walikuwa kwenye foleni na ndoo zao.

Bibi alipoelewa kwamba mwanamke yule anaingia na mimi na kutazama, aliziba mdomo kwa mtandio. Kisha akachukua hatua. Aliwaondoa wapangaji wote uani, akamwaga maji chooni ndoo mbili, akaweka chetezo cha udi mlangoni. "Mgeni asije akakuta harufu," akasema. Nikatoa mkojo wangu katika moshi wa udi, muuguzi amesimama akikohoa, na sote wawili tulikuwa tukijizuia tusicheke.

Damu ilitolewa ukumbini. Chupa zikafungwa kwa lakiri, karatasi zikatiwa sahihi. Bibi akaleta mahamri na mbaazi za nazi.

"Samahani, mama," muuguzi akasema. "Haturuhusiwi kula kwa tunaowapima."

"Hata mbaazi?"

"Hata maji."

Bibi alimtazama kwa huruma ya kweli. "Kazi gani hiyo," akasema. Akafunika sahani. "Basi keti tu upumzike."

Akaketi. Ndipo nikamuuliza kuhusu siku ile ya ufagio. Nilikuwa nimejua tangu barua ilipokuja kwamba habari ya saa kutotimia haikuweza kutoka kwa mtu mwingine ila yeye.

"Niliandika nilivyofanya," akasema. "Dakika ishirini na tano. Niliambiwa hayupo nikaamini, nikaondoka. Ilikuwa kosa langu."

"Ungeandika saa nzima, nani angejua?"

"Dereva angejua," akasema. Kisha akamwangalia Bibi. "Na huyu mama angejua."

"Ningejua," Bibi akasema. "Nilikutazama dirishani mpaka ukaondoka."

Aliniambia pia kwamba alikemewa kazini kwa sababu ya dakika zile. Hakusema ili nimwonee huruma, alikuwa akinieleza tu kwa nini sasa huleta kiti chake cha kukunja garini. Alikuja mara nne zaidi mwaka ule. Vipimo vyote vilitoka safi. Sikuwa na wasiwasi navyo, lakini kila majibu yalipofika nilimsomea Bibi, naye alisema alhamdulillahi kama vile ni matokeo ya mtihani.

Kandarasi yangu ilipoisha timu haikuniongezea. Barua ilitaja mabadiliko ya mipango. Kapteni aliongezewa miaka miwili. Nilipata timu nyingine, ndogo, yenye gari moja na fundi aliyekuwa pia mpishi, na kwao nilipanda milima miaka miwili kwa jina langu mwenyewe, kwa sababu hawakuwa na nyota wa kubebewa maji. Sikushinda tena. Niliingia kumi bora mara kadhaa. Hakuna aliyeniuliza naelezaje. Kwa mshahara wa miaka ile baba alipata kiwanja kidogo Taita na mama akajenga, na nikirudi nyumbani kati ya msimu na msimu ile saa yangu ya asubuhi niliitumia ukumbini na Bibi, kwa kuwa sikuruhusiwa kwenda popote. Alinifundisha kusuka ukili. Nilikuwa na vidole vizito, mkeka wangu wa kwanza ulipinda kama barabara ya Makupa wakati wa ujenzi, lakini naulalia mpaka leo.

Nilipoacha mbio nilifuta ile programu ya kutaja nitalala wapi kwenye simu siku hiyo hiyo, na asubuhi yake nikatoka saa kumi na mbili kasoro kwenda kununua maziwa, bila kumwambia mtu ninakokwenda. Niliyanunua mbali makusudi.

Siku hizi nina karakana ya baiskeli Magongo. Bibi yuko Likoni kwa binti yake, macho yamepungua nguvu lakini masikio yake yako kazini. Mwaka jana kapteni wetu wa zamani aliniandikia. Naye ameacha, ana mtoto. Aliandika kwamba wakati ule alijua kwa nini sipo kwenye mbio, na kwamba aliogopa kusema kwa sababu angetaja alama zake mwenyewe. Akaomba radhi. Niliisoma barua ile nikiwa na mafuta ya mnyororo mikononi, nikaiacha mpaka jioni. Nilimjibu kwamba nimemsamehe, na kwamba siku ile ya mlima alichelewa kushuka gia. Akajibu baada ya dakika mbili: najua.

Jumapili nafundisha wanawake. Tuko tisa sasa, mdogo ana miaka kumi na tisa, mkubwa hamsini na moja. Wiki mbili zilizopita tulikwenda Mazeras kwa mara ya kwanza sote pamoja. Mmoja wetu, karani wa ofisi ya kutoa mizigo bandarini, hajawahi kumaliza mwinuko ule bila kushuka na kusukuma. Nilikwenda kando yake. Nilimwambia asiangalie juu, aangalie gurudumu la aliye mbele yake, na apumue kwa tumbo. Dereva wa lori moja alipunguza mwendo akatupigia honi ndefu ya kutupa moyo, akaturushia moshi wote wa injini yake.

Alifika juu akiwa bado juu ya kiti. Wenzake wakamshangilia, wengine wakimpiga mgongoni. Alipopata pumzi akaniuliza, mwenyewe haamini, "Nimewezaje?"

"Sijui," nikamwambia, na tukaenda kutafuta madafu.